Mwenzetu wa dawati moja, Kasulu

Wale mliotuandikia kuuliza lini tutaendelea na habari za kuchagua lesi ya biharusi, tustahamilieni kidogo. Itakuja, inshallah. Leo kuna jambo limetukaa kooni, na tusipolisema tutaendelea kuchomana na sindano.

Juzi mwanetu karudi kutoka skuli, akaja kukaa pembeni ya cherehani kama kawaida yake, anaokota vipande vya satini vilivyoanguka. Akatuambia leo darasani kaletwa mtoto mgeni kutoka bara. Akicheka, akatuigizia anavyosema. Ati anasema "shule". Mwalimu alipomtafutia pa kukaa, mwanetu na wenzake wakatanua viwiko na kusema dawati limejaa.

"Lilikuwa limejaa kweli?" tukamuuliza.

"Tulikuwa wawili."

Mashine zote mbili zikanyamaza. Kwa wageni wa hapa, sisi ni pacha, na duka letu la ushoni tunaliendesha pamoja, ndiyo maana kila siku mnasoma "sisi, sisi". Mwanetu ni wa mmoja wetu, lakini tunamlea wote. Mtoto huyo kazaliwa Unguja, kakulia Unguja, na hajui kwamba mama zake wote wawili walianza darasa la kwanza Kasulu, mkoa wa Kigoma, huko kwenye vilima vyenye baridi na udongo mwekundu, kwenye dawati la watu watatu. Hatukuwahi kumsimulia. Kosa ni letu.

Mama yetu ni mtu wa Unguja. Baba alikuwa Mmanyema wa Ujiji, dereva wa lori. Mnaojua historia mnajua Ujiji na Unguja ni ndugu wa zamani. Njia ya misafara ilianzia pwani ya Bagamoyo ikaishia pale ziwani, na waliovuka Ziwa Tanganyika walifika Maniema, kwenye miji kama Kasongo, wakarudi na watu, na lugha, na dini ikaenea. Babu yetu mzaa baba kazaliwa ng'ambo ya pili, upande wa Congo. Alivuka kwa ngalawa akiwa kijana, akaoa Ujiji, akazikwa Ujiji. Shikeni hilo, tutalirudia.

Baba alihamia Kasulu kwa ajili ya kazi. Alikuwa akibeba maharage kuyashusha Kigoma mjini, na miaka ile ya tisini alibeba pia unga na mafuta ya msaada kupeleka makambini. Burundi kulikuwa kunawaka tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Mwaka 1996 vita vikaanza Congo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko huko Kasulu. Upande wa Kibondo kulikuwa na Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Majina hayo tuliyajua kabla ya kujua majina ya mikoa, maana ndiyo baba aliyotuagia kila asubuhi.

Tulianza skuli 1996. Darasa lilikuwa limefurika. Kulikuwa na watoto wa Kiha, ambao ndio wenyeji, watoto wa watumishi waliohamishiwa kutoka Moshi na Mwanza, Wamanyema wachache kama sisi, na watoto waliozaliwa na wazazi wa Kirundi. Sasa sikilizeni kichekesho. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Maji ni amazi, mtoto ni umwana, ng'ombe ni inka, na ukivuka mpaka ni hayo hayo. Kwa hiyo kwenye uwanja wa kuchezea, Mrundi hakuwa mgeni hata kidogo. Wageni tulikuwa sisi wawili, tusiojua neno zaidi ya Kiswahili cha mama. Tulisimama pembeni tukitizama wenzetu wakicheza rede na kutukanana kwa lugha tusiyoielewa, na pengine waliyekuwa wakimtukana ni sisi.

Aliyetuokoa ni mwenzetu wa dawatini. Jina lake hatutoliandika hapa. Baba yake alikuwa Mrundi aliyekuja Kasulu kulima mashamba ya watu miaka ya sabini, akabaki. Mama yake Muha wa hapo hapo mjini, anauza sokoni. Yeye alikaa katikati yetu, kwa sababu mwalimu aliona pacha wakikaa bega kwa bega watapiga soga. Alitufundisha kuhesabu kwa Kiha. Sisi tukamfundisha kusema "thelathini" bila kung'ata ulimi. Mwezi wa Ramadhani (sisi tulikuwa tumeanza kufunga nusu siku, ile ya watoto) alikwenda kula muhogo wake wa kuchoma nyuma ya choo cha skuli ili tusione. Hakuna aliyemwambia. Kwao walisali kanisani.

Vitabu vilikuwa haba. Kitabu kimoja cha Kiswahili kwa dawati zima, na kila siku mmoja anakipeleka nyumbani kwa zamu. Kikipotea, wazazi wa dawati zima wanalipa.

Mwishoni mwa mwaka 1997, tukiwa darasa la pili, ilitoka amri kwamba Warundi wote wanaoishi nje ya makambi wapelekwe makambini. Serikali ya Burundi ilikuwa ikilalamika kwamba waasi wanajificha upande wetu wa mpaka, na vijiji vya mpakani vilikuwa na hofu yao pia. Haya tumekuja kuyaelewa ukubwani. Wanajeshi wakapita vijijini na mitaani. Waliochukuliwa walifika makumi ya maelfu, na hawakuwa wale waliovuka jana tu. Walikuwamo waliokuja mwaka 1972, na waliokuja kabla ya hapo kutafuta vibarua, wenye migomba yao, wenye wake wa Kiha, wenye wajukuu. Nyumba moja unakuta mume kachukuliwa, mke kaachwa. Watoto walikwenda kwa kufuata upande wa baba.

Sisi tuliona tu nafasi katikati ya dawati. Siku ya kwanza tukadhani anaumwa. Siku ya pili mwalimu akataka kitabu, na ilikuwa zamu yake. Siku ya nne tukachapwa viboko viwili viwili vya mkononi kwa kitabu kilichopotea, na baba akatakiwa kulipa. Nasi, kwa uchungu wa viboko, tukasema mbele ya darasa zima: Mrundi kaiba kitabu.

Watoto wa miaka minane, mtasema. Ni kweli. Lakini neno lile lilikamata. Darasa likalishika likawa wimbo wa uwanjani, akaimbiwa kila mtoto mwenye baba wa Kirundi aliyekuwa bado yupo. Mmoja wao aliacha kuja. Hatujui kama ni kwa sababu ya wimbo au kwa sababu ya lori.

Ilipita kama miezi mitatu. Baba alikuwa Kibondo anashusha unga katika kambi mojawapo, akasikia mtoto anaita "Baba Pacha! Baba Pacha!" Alikuwa yeye. Alimwambia asisogee, akakimbia, akarudi na kitabu. Kilikuwa kimefungwa ndani ya nailoni, na juu yake kimevishwa jalada la karatasi ya kaki iliyokatwa kwenye mfuko wa msaada, kingo zimekunjwa sawasawa kuliko tulivyowahi kuzikunja sisi. Akamwambia baba kwamba haikuwa zamu yake tena, kwa hiyo kirudishwe. Na kwamba kaanzishwa upya darasa la kwanza, kwa sababu kule wanasomeshwa kwa Kirundi na Kifaransa.

Baba alikiweka kile kitabu mezani, akaenda kuoga bila kusema kitu. Mama ndiye aliyetukalisha jamvini. Alikuwa kasikia habari za wimbo. Akatuambia dhambi ya mtu na Mola wake mtu huomba toba usiku akasamehewa, lakini haki ya mja mwenzio iko mikononi mwa huyo mja. Mpaka umtafute, umwambie ulichosema, naye akusamehe. "Na huyu mtampata wapi?" akauliza. Hatukuwa na jibu, tukalia, naye hakutunyamazisha.

Kitabu chenyewe hatujui kilipotelea wapi. Watu wanapenda tuwaambie tunacho mpaka leo. Hatunacho.

Baba alifariki tukiwa na miaka kumi na nne, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mama akaturudisha Unguja. Tukamaliza kidato cha nne hapa, tukasoma ushoni, mengine mnayajua. Kuna moja hamlijui. Katika skuli yetu ya kwanza ya hapa Unguja tuliitwa Wanyamwezi kwa miaka miwili, kwa sababu hapa kila aliyetoka bara ni Mnyamwezi, hata akitoka Kigoma, hata mama yake akiwa mtu wa Unguja na anakaa mtaa wa pili. Tulijifunza haraka kusema "skuli", "mwengine" na "chengine". Leo lafudhi yetu haitofautiani na yenu. Tulijificha vizuri mpaka tukasahau kumwambia mtoto.

Desemba mwaka juzi tulikwenda Kasulu kumalizia habari za kiwanja cha baba. Kutoka Kigoma mjini siku hizi ni lami, tukashangaa. Safari ambayo baba alikuwa akiipiga siku nzima wakati wa mvua, sisi tulisinzia kidogo tukafika. Kesho yake tukaenda sokoni kununua maharage ya kurudi nayo, na mwanamke mzee aliyekuwa akitupimia akaacha kopo hewani. Akatutizama mmoja, akamtizama mwengine.

"Nyinyi si wale pacha wa dereva?"

Alikuwa mama yake.

Tulikaa naye mpaka jua linazama, juu ya magunia yake. Ile siku ya mwaka 1997 alikuwa sokoni hapo hapo. Aliporudi nyumbani alikuta chungu kingali motoni na hakuna mtu, mume na watoto watatu wamekwenda. Alifuata mpaka Kibondo kwa miguu na kwa malori ya watu, akaambiwa yeye ni Mtanzania, hana ruhusa ya kukaa kambini. Alikuwa akiwaona mara mbili kwa mwaka. Baadaye, vita vilipotulia, mume na watoto wakarudishwa Burundi, mahali ambapo watoto walikuwa hawajapaona hata siku moja. Mume akafia huko. Mwaka 2015 mambo yakaharibika tena Burundi, watu wakakimbia kwa maelfu, na kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Binti yake akaingia humo akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Amerudi katika wilaya ile ile aliyopelekwa akiwa darasa la pili.

Yuko Nduta mpaka leo, tukasikia. Mama yupo Kasulu. Sheria ya wakimbizi haimruhusu mtu kutoka kambini bila kibali, na mama naye miguu imekwisha. Wanazungumza kwa simu.

Kwa nini hasemi kwamba yeye ni Mtanzania? Hilo lilikuwa swali letu, na ndilo mzee yule alilokuwa akilihangaikia mwaka mzima. Kuna wakili mmoja tuliyewahi kumshonea, tukampigia simu. Akatueleza kwa lugha ya watu. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu aliyezaliwa Tanzania na mzazi mmoja Mtanzania, awe baba au mama, ni raia wa kuzaliwa. Mwenzetu alikuwa raia siku aliyopandishwa lori, na mama yake alikuwa sokoni, akiwa na haki ile mkononi, na hakuna aliyemwuliza. Sasa kwa kuwa kaandikishwa kama mkimbizi wa Burundi mara mbili, akiwa mtoto na akiwa mkubwa, kulifungua fundo hilo kunataka ushahidi. Alizaliwa wapi, nani anamjua. Cheti cha kuzaliwa hana. Nani alikuwa na cheti Kasulu miaka ile?

Akili yetu ikaenda skuli.

Mwalimu mkuu wa sasa ni kijana, alikuwa hajazaliwa tulipokuwa tunasoma. Alitufungulia stoo, tukapekua siku mbili. Panya walikuwa wamekula mwaka 1994 wote. Daftari la uandikishaji la 1996 lilikuwepo, na ukurasa wetu ulikuwepo: sisi wawili tumefuatana, na yeye chini yetu kwa mistari saba. Jina lake, jina la baba, jina la mama. Mahali pa kuzaliwa: Kasulu. Na pembeni, kwa wino mwekundu, mwandiko wa mwalimu aliyetuchapa: "Amehama."

Amehama. Tulilisoma neno lile mara nyingi. Mwalimu angeandika nini kingine, hatujui. Pengine na yeye aliogopa.

Nakala ya ukurasa ule ikapigwa mhuri. Sisi tukaandikisha hati ya kiapo kwamba tulikaa naye dawati moja, na kwamba tunamtambua mama yake. Tulipofika kwenye sehemu ya kueleza sisi wenyewe ni raia kwa msingi gani, kalamu ilisita. Mama Mtanzania, hapana shaka. Baba mtoto wa Mmanyema aliyevuka ziwa kwa ngalawa bila karatasi yoyote. Ile siku ya malori hakuna aliyetugongea mlango. Kiswahili chetu kilikuwa safi, majina yetu ya Kiislamu kama ya nusu ya Ujiji, na Congo wakati ule haikuwa ndiyo iliyokuwa ikisakwa. Hiyo ndiyo tofauti nzima kati yetu na yeye.

Mashoga zetu wengine watasema nchi lazima iwe na mpaka, na kila nchi ina wageni wake wa kuwahesabu. Hatubishi. Tanzania imebeba wageni wengi kuliko nchi nyingi tajiri. Karibu na mwaka 2000 wakimbizi nchini walipita nusu milioni, na wengi wao walikuwa mkoa mmoja maskini, Kigoma, wakigawana kuni na visima na Waha. Na imewahi kufanya jambo kubwa. Warundi wa mwaka 1972 waliowekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa ardhi, watoto wao wakasomeshwa kwa Kiswahili kwa mtaala wetu, na zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Ukikutana na mtoto wa Katumba leo, humtambui. Waliokuja baadaye walisomeshwa makambini kwa mtaala wa makwao, ili siku ya kurudi isiwasumbue. Ukiisikiliza hoja hiyo ina maana. Lakini siku ya kurudi ikichelewa miaka kumi, mtoto anakua akisomea nchi ambayo hajaiona, ndani ya nchi ambayo haruhusiwi kuijua.

Usiku ule mama yake alimpigia simu, akaweka sauti ya nje. Kwanza walisemezana wao wawili, Kiha huku, Kirundi kule, bila mmoja kumwambia mwenziwe arudie. Halafu akatupa simu. Tulikuwa tumejipanga nani aanze kuomba radhi na kwa maneno gani. Yeye akatuwahi.

"Kitabu kilifika?"

Tukamwambia kilifika. Tukamwambia na lile tulilosema darasani, wimbo na kila kitu, huku mmoja akishindwa mwengine anaendelea. Alikaa kimya muda mrefu mpaka tukadhani salio limekwisha. Kisha akasema wimbo huo aliusikia. Kuna mtoto aliyechukuliwa baada yake aliuleta kambini. Akasema kwa miaka mingi alikuwa akiwaza kama baba yetu alisahau kutupa kitabu. Halafu akasema, "Yameisha, dada zangu." Akatuuliza tunashona nini.

Tumemsimulia mwanetu yote haya, kwa siku tatu, kidogo kidogo. Dawatini kasogea. Kasogea kwa kununa, tusiwadanganye, na yule mgeni bado anamwita "yule wa shule". Tutaona.

Karatasi za mwenzetu zimekwenda kwenye ofisi inayohusika. Jibu halijaja. Bibi yake mtoto, kule Kasulu, hasubiri jibu. Kesha kwenda skuli ile ile kuulizia nafasi ya darasa la tatu kwa mjukuu, na ametuagiza tumshonee sare, sketi ya buluu na blauzi nyeupe, iwepo nyumbani siku atakapofika. Vipimo tumepewa kwa simu kutoka Nduta, mama yake akimpima kwa shubiri: kiuno shubiri tatu na vidole viwili, urefu wa sketi shubiri tatu. Tukamwomba anyooshe mkono wake juu ya rula ya mtoto, tujue shubiri yake ni inchi ngapi. Bibi akachukua simu akatuonya tusishone ya kumkaa, maana hatujui ni lini. Sketi imetoka hapa Jumatatu. Kiunoni tumetia mpira, na chini tumeacha pindo la inchi nne, tumelishikiza kwa mkono ili lifumuke kirahisi.